Siku Tuliyowapamba Watoto

Mbela, 9 Novemba 1997

Mwanangu Zione,

Huku tunaendelea, ila goti langu na mvua iliyogoma. Mwanao Alinafe anakusalimu. Kila akisikia gari anadhani ni wewe.

Wenzako wa chuo walifika Jumatatu kuuliza habari za watoto. Hatukukuaibisha. Chifu alitangaza mapema kwamba mgeni asikute sufuria tupu, basi nikaomba kuku kwa jirani, na Alinafe akavalishwa viatu vya mjukuu wa chifu. Walipomuuliza anakula mara ngapi kwa siku akasema tatu, kama nilivyomfunza. Bwana aliyekuwa akiuliza aliandika huku anatabasamu, ila kuku hakumgusa. Ana maringo huyo.

Mama yako

Zomba, 4 Desemba 1997

Mama mpendwa,

Nimepiga goti nikusalimu. Mimi mzima wa mwili, moyo ndio haupo.

Mmetuponza, Mama. Fomu zenu nimeziingiza kwenye kompyuta mimi mwenyewe, na Mbela imeonekana ndiyo yenye watoto walioshiba kuliko wote wilayani. Wizara inangoja takwimu hizi ijue vituo gani vya uji wa watoto vifungwe. Nilimwomba mkuu wetu, Dokta Nkhungulu, watu warudi huko. Akaniambia, "Dada Zione, takwimu hazibadilishwi kwa barua ya mama yako."

Sheria ya kazi ilinikataza kuwaonya mapema, nami nikaitii. Najilaumu sana. Lakini ungewaonyesha tu hiyo sufuria.

Binti yako

Mbela, 22 Januari 1998

Zione,

Tumeamka, ndiyo salamu niliyo nayo.

Kituo kilifungwa baada ya Krismasi. Alinafe bado anabeba kikombe chake asubuhi, anakwenda kukaa mlangoni pale na wenzake. Tunapika pumba za mahindi. Unasema ningewaonyesha sufuria. Hukulelewa hivyo, na ungekuwapo ungenisaidia kumkimbiza yule kuku.

Nywele za Alinafe zimegeuka nyekundu na miguu imevimba. Wewe ndiye msomi wa mambo ya watoto, niambie nifanye nini.

Mama yako

Zomba, 29 Januari 1998

Mama,

Nisamehe, leo sina salamu. Mpeleke hospitali, usingoje. Uvimbe huo ni njaa. Barua hii nampa dereva wa basi initangulie. Mimi nakuja Jumamosi. Mwambie mama yake yuko njiani.

Binti yako

Mbela, 11 Februari 1998

Mwanangu,

Pole kwa safari iliyokwama mtoni. Waliokuona wanasema ulilia ng'ambo kutwa nzima, na daraja lenyewe limekwenda na maji.

Hospitali walimpokea vizuri, ila tulichelewa. Tulimzika Jumanne ya wiki iliyopita, kando ya kaburi la kaka yako. Usijitese, kosa ni langu, na sijui niende nalo wapi.

Jana wale wenzako walirudi kwa njia ya mlimani. Kumbe mkuu wenu alikubali. Sikuwapikia. Waliniuliza nyumba hii ina watoto wangapi, nikawaambia haina. Yule bwana akaandika.

Mama yako