Gari la Mwisho Dida Galgalu

Baba yangu,

Jumamosi nilikutafuta kwenye ramani. Nilikuwa jikoni kwangu huku ughaibuni, hapa Handsworth, nikafungua zile picha zinazopigwa kutoka angani, nikamwonyesha mjukuu wako mji wa Moyale, kisha tukashuka polepole kuelekea nyumbani Isiolo. Lami inaonekana vizuri, imenyooka. Lakini ukisogeza picha karibu, pembeni kuna mistari mingine myembamba, mingi, inapishana na kuachana juu ya yale mawe meusi ya Dida Galgalu. Mtoto akaniuliza kwa Kiingereza chake, barabara yenyewe ni ipi? Uliendesha lori jangwani humo miaka yote na sikuwahi kukuuliza.

Nilisafiri nawe mara moja tu, likizo ya darasa la sita. Lami haikuwepo, kila dereva alijichongea njia akikwepa mashimo. "Ngamia walipita hapa kabla babu yako hajazaliwa," uliniambia. "Sisi tumefuata tu." Mimi wala sikujali habari za ngamia. Nilitaka kujua kwa nini malori yote yako mbele yetu. Siku hizo mlivuka kwa msafara kwa kuogopa majambazi, na wewe ulikuwa wa mwisho daima. Ukacheka. "Kwani wa kwanza anapewa soda?" Nilinuna mpaka Marsabit. Niliona haya, Baba, nilidhani lori letu ni bovu kuliko yote.

Sasa niseme lile ambalo hatukulimaliza. Mama alipofariki ulikuwa Moyale; ulipelekewa habari na saa ya mazishi, ukaondoka na msafara. Wenzako wa msafara ule ule walifika, wakashika majembe, wakamzika. Wewe ulikuja siku mbili baadaye, vumbi limekujaa mpaka kwenye kope. "Kuna gari lilikatika ekseli," ulisema. "Nikasimama." Nami nikakujibu mbele ya waombolezaji, "Mama anazikwa, wewe umesimama na watu usiowajua?" Uligeuka ukaenda kaburini. Baadaye nikaja huku kusomea uuguzi, na kwenye simu tukawa tunaongea habari za baridi na dawa zako za presha, basi, mpaka nawe ukamfuata Mama.

Kazini nina rafiki, Qabale, kwao ni Marsabit. Jumatatu nilimwonyesha ile picha. Akasema vile vijia vyembamba kabisa ni vya ngamia, kutoka kisima hadi kisima. Bibi yake alihama kwa njia hizo, nyumba nzima imefungwa mgongoni mwa ngamia. Nikamuuliza ni nani waliotangulia, nani alizianzisha.

"Wa mbele unamtakia nini?" akasema. "Kwetu anayechaguliwa kwa makini ni wa nyuma. Anaongezewa maji, kwa sababu akimkuta aliyeanguka hampiti. Madereva wa malori nao walikuja wakaishika desturi hiyo."

"Na kama amefiwa?"

"Amefiwa, ndiyo. Lakini nyuma yake hakuna mtu mwingine."

Nilienda kukaa ndani ya gari langu pale kwenye maegesho ya hospitali, nikalia mpaka vioo vikajaa ukungu. Kumbe hukuwa unachelewa.

Tangu siku hiyo maswali hayaishi. Nani alikuchagua kukaa nyuma, au ulijitolea? Wale watu walikuwa wangapi? Kulikuwa na mama na mtoto? Mlikula nini siku hizo mbili? Hivi hakuna mwenzako hata mmoja aliyekwambia, wewe tangulia, leo nitakaa mimi? Na uliwaambia kwamba mkeo anazikwa? Nakujua, hukuwaambia. Ungewaambia wangekusihi uondoke.

Na saa ya mazishi ulikuwa unaijua. Ilipofika, ulikuwa umeketi huko juani na watu wasiojua unachokipoteza, unawagawia maji. Mimi muuguzi, kazi yangu ni watu nisiowajua, na bado sina hakika kama ningeweza.

Nilikuaibisha mbele ya watu, Baba. Nisamehe. Wale wa ekseli nimewachukia miaka yote hii bila kuwaona hata sura. Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza, nimemwomba Mungu wawe bado hai.

Pumzika, Baba.

Bintiyo