Inaota Bila Flashi

Mama Mwendwa,

Nimeondoka kwenda Embu. Usizime laptopu hata ikikaa kimya. Inajiwekea Windows mpya, na chaja isichomolewe. Githeri iko kwenye sufuria. ~~Usinipigie, nina kazi nyingi.~~ Nipigie.

Asubuhi nilipochomoa flashi kwenye redio ili niifute, niweke Windows humo, nilidhani ina nyimbo za kwaya tu, zile mtu anaweza kujaziwa tena mjini. Ukaninyang'anya. Nilikasirika, nikatoka nje. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Ndipo ukairudisha redioni, nami nikamsikia marehemu mama yako akiimba, akikohoa katikati ya ubeti, akicheka, akianza upya. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa na hajui aliyemwita. Kumbe alikuwa humo miaka yote, na mimi nikipita tu na ndoo ya maziwa.

Basi nimetenga kipande cha diski ya laptopu yenyewe, kama tunavyotenga kitalu cha miche ya kahawa pembeni mwa shamba, nikaweka mafaili ya Windows humo. Sasa Windows inaota kwenye udongo wake, bila flashi. Flashi sijaigusa.

Mwishoni itauliza jina la mwenyewe. Andika lako. Kisha chomeka flashi kwenye laptopu, unakili nyimbo zote, maana flashi nazo hufa.

Mwanetu Mwendwa akisema atasafisha sauti ya nyimbo hizo, mwambie kikohozi cha mama yako kibaki.

Baba Mwendwa