Ziwa Nililonyonya na Mjomba

Jumamosi jioni. Nimerudi Makambako na upepo unapiga mabati kama kawaida yake, lakini baridi ya Njombe bado ninayo mifupani. Mwanangu amelala. Leo tumemzika Bibi.

Mama yangu alifariki wiki ileile niliyozaliwa. Bibi, mama yake mzazi, akanichukua. Kitindamimba wake, Mjomba Zaka, alikuwa ameshaanza darasa la kwanza, kwa hiyo maziwa ya Bibi yalikuwa yamekauka siku nyingi. Nilinyweshwa ya ng'ombe kwa kijiko, na bado nililia usiku kucha. Bibi akanipa ziwa tupu, aninyamazishe tu.

Nikaling'ang'ania.

Basi asubuhi moja anachochea moto jikoni, akaona blauzi imelowa. Alidhani ni ugonjwa! Akamwita Babu kwa kelele: "Baba Tumaini, njoo uone, kifua kinavuja!" Kila alipoisimulia alicheka hadi kilemba kikamdondoka. Jamani, natamani nikisikie kile kicheko mara moja tu.

Mjomba Zaka naye alikuwa na lake: "Mimi nilishafunga duka, wewe ukaja kulifungua."

Shuleni wenzangu walisema ni uongo, bibi kizee hana maziwa. Iliniuma sana, maana kama ni uongo, basi mimi sikuwahi kunyonyeshwa na mtu.

Nilipokuja kusoma baiolojia ndipo nikapumua. Mimba huyaandaa matiti, lakini maziwa hudumu kwa kunyonywa. Mtoto akinyonya, ubongo unapata habari: homoni ya prolaktini inatengeneza maziwa, oksitosini inayasukuma yatoke. Hata titi lililokauka laweza kuamka likinyonywa mara kwa mara. Nilikimbia kumweleza Bibi. Akaniangalia, akasema, "Kumbe lina jina? Mimi nilijua ni ubishi wako tu."

Leo makaburini wakatangaza watoto wa marehemu waje waweke shada. Nikabaki na wajukuu, mtoto mgongoni. Mimi ni mjukuu, nani atabisha? Lakini nilitamani ardhi inimeze. Yule ndiye mama pekee niliyemjua, na nilikuwa namuaga kwa mbali.

Mjomba Zaka akageuka, macho mekundu.

"Wewe unangoja nini huko? Si tumenyonya ziwa moja?"

Nikaenda. Tukalishika shada pamoja, mimi na yeye na ndugu zake. Mwanangu akaanza kulia, na palepale maziwa yakanishuka, yakailowesha blauzi yangu nyeusi mbele ya waombolezaji wote. Nilikuwa na khanga begani. Sikujifunika.

Jumatatu nafundisha kipindi cha homoni, kidato cha nne. Nitaliandikaje ubaoni hilo neno prolaktini, wakati mimi nimelijua miaka yote kwa jina la Bibi?