Vikuku vya Mama Kanta

Mikumi, 3 Juni 2024

Shangazi Ida,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia. Mimi ni mzima wa mwili na nina hasira ya haki. Miaka thelathini umekusanya mapambo ya Wahindi wa Kilosa, bangili, mikufu, vipini vya pua, na yote umeyafungia sandukuni! Urithi usioonekana ni urithi wa nani? Wanachuo tumeandaa maonyesho hapa Mikumi. Naam, vikuku vya miguuni vya marehemu Mama Kanta, vile vya fedha vyenye njuga, nimevigusa. Lakini mimi si mporaji. Nimechukua kimoja, nimekuachia kimoja. Haki sawa.

Mwanao,
Devota

Mabwerebwere, Kilosa, 9 Juni

Mwanangu Devota,

Marahaba. Kifua kinabana, ila nyumba ndiyo mbaya zaidi. Wewe msomi, nani aligawa jozi ya miguu? Mama Kanta alinikabidhi akisema, "Ida, hivi usivitenganishe, hata ukivisugua." Nilikuwa naviosha kwa ukwaju, bakuli moja. Tangu uondoke, mtu anatembea ukumbini mchana kweupe: njuga zinalia, kimya, zinalia, kimya. Mguu mmoja. Kirudishe, mama. Naogopa kufa peke yangu na mtu huyu.

Shangazi yako

Mikumi, 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na pole. Lakini hofu haitanitawala! Nani anatembea? Panya. Bati linalotanuka kwa jua. Maonyesho yanafungwa tarehe thelathini. Kabla ya hapo kikuku hakitoki kabatini. Nenda hospitali.

Mwanao

Kilosa, 22 Juni

Devota mwanangu,

Sijambo kidogo. Jana nilichoka, nikakivaa kile kilichobaki. Nikamwambia, "Mama Kanta, pumzika, nitatembea mimi." Kukawa kimya. Ila sasa mguu umevimba, hakivuki kisigino. Usije kwa pupa. Maliza mambo yako.

Shangazi

Mikumi, 27 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Simu yako inaita tu. Gerald wa bodaboda anakuletea barua hii pamoja na kikuku. Ningepanda naye, ila naogopa nitakachokuta.

Leo adhuhuri kililia ndani ya kabati la kioo, limefungwa, mbele ya wageni wanne. Wenzangu wakacheka: "Kamanda, mizimu imejiunga na harakati!" Sikucheka. Zilikuwa hatua za mtu anayeburuta mguu, anayesimama kila baada ya hatua tatu avute pumzi. Mwendo huo naufahamu. Ni wako, ndio ulionipeleka shule.

Sina hoja tena. Mpe Gerald mstari mmoja tu. Niandikie kwamba adhuhuri ulikuwa umekaa.

Mwanao