Mwisho wa Zamu ya Mbali, kwa Fundi Antena

Mwaka umetimia, Fundi, tangu alfajiri ile ya Alhamisi ulipotutoka, na mkeo bado hajatulia. Tunaanza na hilo kwa sababu ungeliuliza kabla hata ya salamu. Anakaa kidogo, anainuka, anapanga vyombo vilivyokwisha kupangwa, anafungua kabati, analifunga. Binti yenu akimwambia, "Mama, hebu kaa basi," anajibu, "Nimekaa tangu asubuhi," naye amesimama wima na kitambaa cha vumbi mkononi.

Tunakukumbuka kwa kazi yako. Kwa zaidi ya miaka thelathini ulitengeneza televisheni na redio za mtaa mzima katika kile chumba chako chenye mlango mmoja, na hukuwahi kumwambia mteja kwamba chombo chake kimekufa. Ulisema kimepumzika. Wazee walikuletea redio zisizo na ugonjwa wowote, shida yao ilikuwa mazungumzo tu. Ulizifungua, ukapuliza vumbi, ukazifunga, nao wakaondoka wakisema sasa zinasikika vizuri.

Tunakukumbuka kwa mkasi wako pia. Jirani yetu mshonaji alikuwa akikuazima gazeti lake, nalo likimrudia lina madirisha. Siku moja alisimama mlangoni, akatuchungulia kupitia tundu ulilolikata, akasema, "Fundi, hapa palikuwa na matokeo ya mpira." Ukamjibu bila kuinua kichwa kwamba timu yake imefungwa, kwa hiyo hakuna alichokosa. Aliendelea kukuazima gazeti hilo miaka mitano.

Ulichokata kiliingia kwenye albamu. Ziko kumi na moja, nene, zimevimba kwa gundi ya unga uliyoipika mwenyewe, na zote ni za tamthilia moja: Zamu ya Mbali, ile ya watu sita waliopotea angani na chombo kibovu, wakitafuta njia ya kurudi nyumbani. Ilikuwa ikionyeshwa kila Ijumaa saa moja jioni, kabla ya taarifa ya habari, na saa hiyo hata mteja aliyekuja na mkaa wa moto kichwani angesubiri nje. Mkeo aliziita albamu zako mke mwenza. "Mwenzangu ameshakula?" alikuuliza ulipochelewa mezani, nawe umeinamia karatasi zako, vidole vyeupe kwa gundi.

Leo kinachomkosesha raha si wivu. Ni swali lako.

Jumatano ile ya mwisho, saa ya kuona wagonjwa, ulimshika mkono ukamwambia, "Mama watoto, niambie sasa. Iliishaje?" Ulimwita mama watoto tangu wiki ya harusi, kwa matumaini, mkajaaliwa mmoja. Alijua mara moja ulichokuwa ukiuliza. Zamu ya Mbali ilikuwa na sehemu ya mwisho ambayo yeye aliiona na wewe hukuiona, na kwa miaka ishirini na saba ulikataza mtu yeyote asikusimulie.

Akakujibu, "Ukitoka hapa. Nitakusimulia nyumbani, umekaa kwenye kiti chako."

Ukacheka kidogo, ukasema, "Haya, bosi."

Alitoka wodini akiwa ameridhika na nafsi yake. Alijiambia kwamba mtu mwenye kitu cha kusubiri hawezi kuondoka, kwamba amekufunga kamba mguuni kwa upendo. Wewe ukaondoka kabla hakujapambazuka. Tangu siku hiyo hana kiti kinachomtosha. Anaona alikunyima kitu kimoja tu ulichowahi kumwomba kwa ajili yako mwenyewe, na anasema hivyo kwa sauti, akiwa jikoni, hata kama hakuna aliyemuuliza.

Kwa kuwa tangazo hili litasomwa na wasiokufahamu, inabidi tueleze ilikuwaje shabiki mkubwa kuliko wote akaukosa mwisho. Sehemu hiyo ilipangiwa Ijumaa. Binti yenu naye akachagua kuzaliwa Alhamisi. Wodi ya wazazi ilikuwa na televisheni moja juu ya rafu, picha yake ikipepesuka kama nguo kwenye kamba, na wanawake kumi na wawili vitandani, wote wakiifuatilia tamthilia hiyo tangu mwanzo. Ulipokuja kesho yake jioni kumwona mtoto, nesi wa zamu akakuomba uiangalie. Ukapanda paani. Ukakuta antena imevunjika shingo, na huna waya wala kamba ya kuifungia. Ukiishika, picha inatulia. Ukiiachia, inatoweka. Mfanya usafi mmoja akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Hapo hapo, Fundi, usisogee."

Hukusogea saa nzima. Ulikuwa juu ya kichwa cha mkeo, umeshika chuma kwa mikono miwili, unasikia muziki wa mwanzo na wa mwisho kwa mbali na huoni kitu. Jina la Fundi Antena lilianzia hapo.

Ulisema haidhuru, wataionyesha tena. Hawakuionyesha tena. Kituo kile kilikuja kufungwa, kanda zake hakuna ajuaye zilikwenda wapi, nawe ukaweka sheria nyumbani: mtu asikuambie, utauona mwisho kwa macho yako. Mdogo wako, seremala, alisahau mara moja tu. Mlikuwa mnakula, akasema, "Ila kaka, yule Msumari…" Msumari alikuwa fundi mitambo wa kile chombo cha angani, mtu uliyempenda kupita hata kapteni, kwa sababu alitengeneza kila kitu kwa alichokuwa nacho mfukoni. Hukusubiri amalize. Ulichukua sahani yako ukaenda kumalizia kula uani, na hukurudi mezani mpaka mdogo wako alipokufuata na kuapa kwamba amenyamaza.

Jumamosi iliyopita mkeo aliziteremsha albamu zote kumi na moja, akazipanga mezani, akamwita binti yenu, mdogo wako na sisi ndugu na majirani sote tuliokuwapo. "Tafuteni," alisema. "Alikuwa na marafiki wa barua, alikuwa na wenzake wa mikutano. Lazima kuna mtu alimwambia. Kama alikuwa anajua, basi alikuwa ananitania tu pale hospitali, nami nitalala."

Tukatafuta. Ratiba za vipindi za miaka mitano, kila Ijumaa umeizungushia wino mwekundu. Sura ya kapteni iliyokatwa kwenye boksi la sabuni. Tiketi ya mkutano wa mashabiki, uliohudhuriwa na watu tisa, na picha yenu mmejipanga kwa ukali kama jeshi. Beji ya bati uliyoikata mwenyewe kwenye mkebe wa rangi, ukaivaa kazini hadi mteja alipokuuliza kama umeajiriwa na serikali. Barua za yule mwalimu wa hesabu wa mji mwingine, mnabishana kurasa nne kama chombo kile kingeweza kweli kugeuka bila mafuta. Mdogo wako akawa anacheka, binti yenu akawa anasoma kwa sauti, na mkeo alikuwa akizunguka meza, akifunua kurasa juu juu, anaruka, anarudi. "Si hiyo. Endelea. Hiyo nayo ni nini? Endelea."

Kwenye albamu ya kumi na moja, ukurasa wa mwisho, tukakuta bahasha. Ni ya mwalimu wa hesabu, tarehe yake ni mwezi mmoja baada ya ile Ijumaa. Juu yake ameandika: Mwisho wa Zamu ya Mbali, kama nilivyouona. Fungua ukitaka. Na wewe uliibandika nzima nzima, umepaka gundi pande zote nne mpaka kwenye mdomo wake. Haikuwahi kufunguliwa. Huwezi kuifungua bila kuchana ukurasa.

Mdogo wako akachukua kisu. Mkeo akamshika mkono. "Acha."

"Si ulitaka kujua kama alijua, shemeji?"

"Nimeshajua. Hakujua."

Binti yenu ndiye aliyesema lililofuata, naye ni mtu wa maneno machache, kazi ya duka la dawa imemzoesha kusema dozi tu. "Mama, alikuwa nayo kabatini miaka yote hii. Angetaka kujua tu, angenituma nikamletee hospitali. Nilikuwa naenda kila siku."

Mkeo akasimama pale pale alipokuwa. "Kwa hiyo alitaka nimwambie mimi."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikamwambia asubiri."

Alizunguka meza mara moja, akafika dirishani, akarudi, halafu akavuta kiti chako akakaa, kwa mara ya kwanza mwaka mzima, akalia. Hatukufichi. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akigonga meza kwa kiganja mpaka beji ya bati ikadondoka. Hasira kwako, kwamba ulichelewa kuuliza. Hasira kwake mwenyewe, kwamba alijifanya ana muda. Mdogo wako akamwacha, kisha akasema taratibu, "Shemeji, mwambie basi. Umechelewa mwaka mmoja. Kaka alikuwa na wateja waliochelewa zaidi ya huo."

Kwa hiyo tangazo hili ni lake. Alisimulia, binti yenu akaandika, na tulipomwambia ni refu, alisema wewe hujawahi kulalamikia urefu wa kitu chochote kinachohusu Zamu ya Mbali.

Kwanza anataka ujue kwamba kilichomfunga mdomo Jumatano ile si ukaidi peke yake. Mwisho wenyewe haukuwa wa kumsimulia mgonjwa. Sasa wewe si mgonjwa tena. Sikiliza.

Wanaiona nyumbani, Fundi. Chombo kikubwa kimeungua nusu, kapteni anasema watashuka kwa kile kidogo, cha dharura. Wanaingia wote, wamebanana. Lakini mlango wa kukitoa umeharibika, haukai wazi mpaka mtu aushikilie mpini wake kutoka upande wa ndani, upande wa chombo kikubwa. Msumari anatafuta mfukoni. Umemwona mara mia akitafuta mfukoni na akapata kitu. Safari hii hapati. Anautoa mkono mtupu, anauangalia, anashika mpini. Kapteni anamwita, anamwamuru, anambembeleza. Anamjibu, "Nimeshika. Nendeni." Basi, hana hotuba.

Wanakwenda. Wanatua kwenye majani marefu, kuna upepo, daktari anavua viatu. Kapteni anawasha redio na kusema, "Msumari, tumefika." Redio haijibu. Wanangoja. Kisha wanamwonyesha yeye kule juu, bado ameshika, amesikia kila neno, na redio yake ya kujibia imekufa. Anatabasamu. Haonyeshwi akifa. Mkeo anasisitiza hilo: haonyeshwi akifa. Muziki unaanza, halafu mtu wa taarifa ya habari.

Wodi nzima ilikuwa inalia, na mama wa kitanda cha jirani akauliza, sasa huyu mwanamume nani atakwenda kumshusha? Mkeo alikuwa amemlaza binti yenu kifuani, anaangalia dari, kwa sababu wewe ulikuwa bado juu yake na hakuna aliyekuwa amekumbuka kukuambia kipindi kimekwisha. Alimtuma nesi mbio. Ukashuka, viganja vimepigwa mistari myekundu, ukasimama mlangoni. Alidhani utauliza iliishaje, na alikuwa tayari kukuambia wakati ule ule, ilikuwa imemjaa mdomoni. Wewe ukauliza, "Picha ilikuwa safi?"

Alikujibu, "Safi," na hakuongeza neno. Anaomba aongeze leo. Ilikuwa safi mwanzo hadi mwisho, haikutikisika hata mara moja. Majani yalionekana moja moja. Tabasamu la Msumari lilionekana. Kila alichokiona jioni ile alikiona kwa mikono yako, naye hakukushukuru.

Anakushukuru sasa.

Wanaokukumbuka ni mkeo, binti yako na mumewe, mdogo wako seremala na shemeji zako wote, mwalimu wa hesabu, jirani mshonaji na gazeti lake zima, na wateja wako ambao vyombo vyao bado vinafanya kazi. Umo mioyoni mwetu, Fundi, na hutatoka humo.