Jiwe la Vipimo Nyuma ya Shule

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, au bado unapanda ngazi kwa ubishi? Mimi mzima, ila kazini nimepata msala.

Nilipokuja kupima mtaa wetu, vimo vyote nilianzia kwenye lile jiwe la vipimo nyuma ya shule. Kimo chake kutoka usawa wa bahari kimeandikwa ofisini tangu zamani. Nikapata kwamba mto ukifurika, mtaa wetu unabaki juu ya maji kwa sentimita arobaini, kwa hiyo tuta la kuzuia mafuriko linalopangwa kujengwa litaishia kabla ya kwetu. Sasa mwenzangu ameanzia jiwe jingine, la ng'ambo ya mto, na kwake mtaa uleule uko chini zaidi kwa sentimita sitini. Bosi anasema nilisoma vipimo vibaya. Je, jiwe liliwahi kuguswa? Wewe ndiye fundi uliyejenga ile shule.

Binti yako

11 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti linauma, mdomo mzima. Majirani wanakusalimu, hasa mshonaji.

Lakini sentimita sitini ndiyo nini? Dunia ina milima inayopita mawingu, ina mabonde yaliyo chini kuliko bahari yenyewe, na kote huko watu wanaishi. Ninyi mnagombania urefu wa stuli! Kula vizuri, acha mawazo.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mdomo mzima, ila swali langu hukulijibu.

Wa mlimani wamezoea baridi, wa bondeni wamezoea joto. Maji hayazoei kitu, yanateremka tu. Kama mwenzangu yuko sahihi, mto ukifurika tutakuwa chini ya maji kwa sentimita ishirini, na mshonaji, ambaye nyumba yake iko chini kuliko zote, maji yatamfika kitandani. Ramani ya tuta inatiwa saini tarehe kumi na tano Aprili. Mimi wameshaniondoa kwenye upimaji. Nina hasira, Baba, na nyingine ni juu yako.

Binti yako

13 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sikuandika karibu mwezi mzima kwa sababu niliona aibu.

Jiwe nililigusa mimi. Lilikuwa limechomoza njiani, matoroli ya zege yakiligonga kila siku. Nikalichimbua, nikalizamisha shibiri tatu, ndizo sentimita zenu sitini, nikalirudishia saruji. Nilifunga kamba pande zote lisihame hata kidogo, nikalinyoosha kwa pima maji, nikajisifu kwa kazi safi. Nilidhani mnachokitaka ni mahali lilipo. Urefu wake sikuufikiria kabisa.

Ulipouliza nilijua palepale. Nikakuacha ubebe lawama yangu, maana mtaa mzima unaniita Fundi, na nilikuwa nalipenda jina hilo.

Juzi niliwaambia majirani. Mshonaji aliinuka akaondoka bila kuaga. Jana nikapanda basi hadi ofisini kwenu. Bosi wako aliandika maelezo yangu, nikatia saini. Amesema ramani itasubiri, vimo vitapimwa upya, na wewe utarudi kwenye kazi yako.

Nilipotoka nilikuona. Ulikuwa mezani unakula peke yako. Nilisimama mlangoni muda mrefu, kisha nikaenda kituo cha basi.

Baba yako