Mbio Yangu Ilikimbizisha Kartiye Muzima

Siku ya tatu ya juma, mangaribi

...njo nikageuka, nikaona kartiye muzima, mutaa wetu wote, iko nakimbia nyuma yangu!

Leo asubui minyi nilikuwa nafanya tu sport, mbio ya mazoezi. Kila asubui nakimbiaka pembeni ya reli mupaka ku daraja, narudia. Lakini jana radiyo ilisema vita inakaribia, bantu balilala na viatu. Banaona kijana anapita mbio bila kusema kitu, banafikiri basoda, maaskari ba vita, banaingia.

Mama Ngoy, jirani yetu, alibeba matela, godoro yake ya kulalia, ku kichwa. Bwana yake alibeba kuku.

"Basoda beko wapi, mutoto? Beko wangapi?" mama Ngoy akaniuliza.

Haya ikanishika. Mbele ya bantu mingi kinywa yangu inafungaka. Nikaona bora niendelee kukimbia. Nabo banaendelea.

Ku daraja njo nikasema polepole: "Ni sport, mama."

"Sport!" Akatupa matela chini. "Vita iko, weye unafanya sport? Na hii miguu yangu ya kuvimba!"

Shefu, mukubwa wa kartiye, naye alikimbia na sisi. Akasema ninaweza kukimbia, lakini leo hii nipite kila nyumba, niseme na kinywa yangu: kesho ni sport, musikimbie. Nikikosa kusema, mbio imeisha.

Na mbio njo kitu moja tu minyi najua kufanya muzuri. Kusema mbele ya bantu... afazali basoda.

Naacha hapa, niende mbele ya bantu kufunga milango. Nitaanza kwa papa Ilunga. Ule ni kiziwi, kinywa yangu itazoea kule kwanza.